Namba Kumi na Saba

Niliyasikia mabuti kabla sijaliona bwalo. Nilikuwa bado nyuma ya ghala la pamba, nikiruka madimbwi ya mvua za kwanza, yakanijia: kishindo, kimya, kishindo, kimya, halafu vishindo vitatu vya haraka na sauti ya mwanamume ikiamuru, "Nyuma, geuka." Nikasimama na viatu mkononi. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeshapanda, na ofisini walikuwa wameniambia kwamba jengo lile halina mtu, lina popo tu. Popo hawavai mabuti. Nilisogea hadi kwenye mlango wa chuma, nikaweka jicho kwenye upenyo, nikaona sakafu kubwa ya saruji iliyoandikwa namba kwa rangi nyeupe, mistari minne ya namba kumi kumi. Kati ya mistari hiyo mzee mmoja mrefu, shati la kaki limefungwa vifungo mpaka kooni, alitembea kwa hatua za gwaride, akiwakagua watu ambao hawakuwepo. Alifika ukutani, akageuka, akaliona jicho langu. Hakushtuka hata kidogo.

"Anayechungulia ni mwizi au mpelelezi," alisema. "Wewe ni yupi?"

"Shikamoo, mzee. Natoka ofisi ya utamaduni."

"Marahaba. Basi ni mpelelezi. Ingia, ila ufute miguu kwanza."

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mwaka ambao mpaka leo nikiusogelea kwa kalamu, vidole vinaingia baridi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Sasa naikaribia arobaini, na nimeandika vitabu vitatu vinavyozunguka jambo hili bila kuligusa, kama mtu anayefagia kandokando ya shimo. Mwezi uliopita nilipokea kifurushi kwa basi kutoka Shinyanga. Ndani ya mfuko wa sukari, limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kulikuwa na daftari la jalada gumu, na kikaratasi cha binti yake Afande Shija, yule mzee wa mabuti: "Baba ametutoka. Aliagiza hili ulipate wewe, si mwingine." Sikulifungua siku ile wala kesho yake. Mwenye jina nitakaloliandika humu naye hayupo tena duniani, hakuna ninayeweza kumdhuru. Nimejihakikishia hilo mara nyingi kabla ya kukaa mezani, kwa sababu niliwahi kumdhuru mara moja, kwa furaha kabisa, nikidhani ninampa heshima.

Kazi yangu ilikuwa ndogo. Wakubwa wa mji walitaka kulikarabati bwalo la kwata liwe ukumbi wa mikutano na harusi, na mlangoni waweke kibao chenye historia yake. Mimi, mhitimu asiye na ajira, niliyekuwa nikijitolea pale ofisini, nikatumwa kuitafuta historia hiyo. Ofisa wangu, Bwana Kulwa, alinipa kalamu mbili na onyo moja: "Kurasa mbili zinatosha, Kabula. Usiniletee hadithi." Nikaanza kuzunguka kwa wazee. Kwenye kibanda cha chai karibu na stendi walinipokea vizuri. Walinisimulia jinsi Mwingereza alivyojenga bwalo ili askari wake wapige kwata bila kunyeshewa, jinsi baada ya uhuru lilivyokuwa la mgambo, jinsi vijana wa kila kata walivyofundishwa humo kushoto na kulia. Walicheka, wakagombea majina ya waliozimia kwenye jua. Kisha nikauliza, "Na baada ya mgambo?" Hapo vikombe vilishuka mezani kwa pamoja. Mmoja aligeukia bei ya mchele wa Kahama, mwingine akakumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, mwenye huruma kuliko wenzake, alinivuta pembeni. "Andika pamba," alisema. "Baadaye waliweka pamba mle. Pamba haina ubaya, mwanangu." Nilipokuwa naondoka nikasikia mwenzake akimnong'oneza kwa Kisukuma jambo ambalo neno moja tu nililishika: filimbi.

Nilipanga chumba mtaa wa Ngokolo, kwa mjane aliyeitwa Mama Minza. Minza, mwanawe, alikuwa ameolewa Chato, akatuachia jina tu. Hivi ndivyo tunavyoishi kwetu: mwanamke akishazaa, jina lake linakwenda kulala, anaamka na la mtoto. Nilikula chungu kimoja na mama yule miezi saba bila kujua aliitwaje alipokuwa msichana, na haikunijia hata siku moja kwamba hilo ni jambo la kuuliza. Aliuza michembe kwenye kona ya mtaa, viazi vile vilivyokatwa na kukaushwa, na jioni tulikula mingine imechemshwa kwa karanga, au ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa. Jiko lake lilikuwa kibanda cha nyuma, mafiga matatu na moshi usio na pa kutokea, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya kila mwanamke aliyezeeka kwenye moshi wa aina ile. Alikuwa na mambo yake mawili. La kwanza, moto wake haukuzimika kamwe. Kila usiku alilifukia kaa moja kwenye majivu, asubuhi akalifukua. Mimi nilikuwa na kiberiti kwenye mkoba, lakini alikikataa. "Moto wa kuomba haupiki," alisema, nami nikadhani ni ubahili wa kizee. La pili, aliitikia kila salamu. Mlevi akipita, mtoto akipita, hata kichaa wa sokoni, wote waliitikiwa mpaka mwisho, habari za nyumbani, habari za ng'ombe. Isipokuwa mtu mmoja. Kila Ijumaa Afande Shija alipita pale kwenye kona, akasimama wima mbele ya ungo wake, akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Mama Minza alimpimia michembe, akapokea hela, akatazama barabara. Ijumaa iliyofuata mzee alirudi, akasalimia tena.

"Mmegombana na Afande?" nilimuuliza mara moja.

"Huyo? Masikio yangu hayamsikii," alisema, akanisukumia sahani. "Kula, utapoa wewe kabla ya ugali."

Afande Shija alinipenda, nadhani, kwa sababu nilifuta miguu. Alinionyesha jinsi alivyozipaka upya zile namba kila mwaka, ingawa hapakuwa na kuruta wa kuzisimamia. Alinionyesha daftari. Mbele kulikuwa na mgambo, jina na namba, jina na namba, kwa mwandiko uliosimama kama yeye. Aliyefariki alikatwa kwa mstari mwekundu. "Daftari hili haliongopi," aliniambia. "Mimi nimeongopa, kila mtu ameongopa, daftari halijaongopa." Akaniruhusu niende nalo ofisini siku moja. "Soma kurasa za mbele tu," alisema. Niliona kwamba kurasa za nyuma zimeliwa na unyevu, nikafikiri ni kwa sababu hiyo. Ofisini nilizifungua. Baada ya kurasa tupu kadhaa, palikuwa na orodha nyingine kwa mwandiko uleule, namba zilezile, lakini majina yote ni ya kike. Ishirini na mawili. Nilijiona nimeokota kitu ambacho wale wazee wa chai walikificha kwa wivu: mgambo wa kike, mashujaa waliosahauliwa. Sikumuuliza mtu. Hata Bwana Kulwa sikumuuliza, kwa kuwa alikuwa ameshasema hataki hadithi. Nilikwenda moja kwa moja redio ya mjini, kwenye kipindi cha salamu cha mchana, nikampa mtangazaji orodha, naye akaisoma kwa mbwembwe, akipiga muziki katikati: wanawake hodari wa bwalo la kwata, mwenye habari zao afike ofisi ya utamaduni, amuulize Kabula.

Siku ile niliwahi kurudi nyumbani ili nisikilize naye. Mama Minza alikuwa anamenya karanga, redio ndogo imewekwa juu ya mtungi. Majina yalipoanza, vidole vyake viliendelea. Namba kumi na tano. Kumi na sita. "Namba kumi na saba, Nkwimba Maganga," alisema mtangazaji, na ganda moja lilibaki kati ya vidole vyake, halikupasuka. Kisha akainuka, akaizima redio katikati ya jina lililofuata.

"Betri," alisema.

Kuanzia kesho yake hakwenda kwenye kona. Alisema mgongo unauma. Dirisha la mbele halikufunguliwa. Mtu akipiga hodi aliniambia kwa mkono nimjibu mimi, na yeye akabaki jikoni ameshika mwiko, bila kukoroga chochote. Niliona yote hayo. Nimejiuliza miaka mingi niliyaona kwa macho gani.

Siku ya tano mtu aitwaye Makoye alikuja ofisini. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, buti za mpira zimeganda vumbi la kijivu la Geita, na alileta chupa mbili za soda, moja yangu na moja ya Bwana Kulwa. Nilimwamkia, akaitikia kwa adabu. Alisema mtu wa Kahama amempigia simu kuhusu jina moja lililosomwa redioni.

"Nkwimba Maganga ni mama yangu mdogo, mke wa baba mdogo," alisema. "Tumemtafuta sana, dada. Aliondoka na ugomvi mdogo tu wa nyumbani. Yuko hai?"

"Sijui bado, lakini Afande Shija atajua. Anajua kila namba."

"Mungu akubariki." Alizungusha kizibo cha soda mezani. "Unajua, mimi nina duara kule, shimo la dhahabu. Miaka miwili sasa linakataa. Wenzangu kushoto wanapata, kulia wanapata, mimi ni mawe matupu, na mwaka jana liliwaangukia vijana wangu. Wataalamu wameangalia, wakaniambia nyumba yetu imefungwa. Mpaka huyo mama aonekane."

"Ili mfanye tambiko," nikasema, mimi mwenye shahada.

Alinitazama kidogo. "Ndiyo," alisema. "Tambiko."

Nikampangia Jumamosi saa nne, bwaloni. Nikaenda nyumbani nimebeba habari kama mtoto aliyefaulu mtihani, nikamsimulia Mama Minza jikoni, nikamaliza hata na habari ya duara. Hakunikatiza. Kisha akauliza, "Ana kovu hapa, chini ya sikio?"

Nilikuwa nimeliona kovu. Nililiona limekaa pale juu ya kola safi, na sasa lilinirudia, na pamoja nalo kila kitu kingine, kwa mpigo, mpaka nikashika nguzo ya kibanda.

"Nililikanda mimi na maji ya chumvi," alisema Mama Minza. "Alianguka kwenye mti akiwa mdogo. Alilia sana."

Alinieleza akiwa amekaa kwenye kigoda, anageuza kuni, sauti ileile ya kuuzia michembe. Mtoto wa shemeji alikufa kwa homa, na mumewe mwenyewe alikuwa ameshakufa, na shamba lilikuwa zuri. Watu wa filimbi, sungusungu, walikuja mchana kweupe, wakamwita mchawi. Wanawake ishirini na wawili wa vijiji mbalimbali waliletwa bwaloni, kwa sababu lilikuwa kubwa na lilikuwa na mlango wa chuma. Wakaamriwa kila mmoja asimame kwenye namba, asubuhi mpaka jioni, huku watu wakipita mmoja mmoja mbele yao na kuwatazama macho, nani anayo mekundu. Afande Shija alikuwa mwalimu wa kwata. Aliambiwa awapange na aandike. "Alisema mguu sawa. Tukaunganisha miguu. Tungefanyaje?" Hukumu ya Mama Minza ilikuwa kutengwa: asipewe moto, asiuziwe chumvi, asizikwe na mtu, na salamu yake isiitikiwe. "Nilisalimia mwaka mzima, mwanangu. Kila asubuhi. Hata watoto walifundishwa kunipita. Kuna siku nilimsalimia mbuzi." Alicheka, kisha akaacha. "Wawili kati yetu hawakuona mavuno. Walikuja vijana wa kukodiwa, na mapanga. Ndipo nikamchukua Minza tukatembea."

"Mama, sikujua. Nilidhani ni mgambo."

"Najua ulidhani." Alinifuta uso kwa pindo la kanga yake, kana kwamba ni mimi niliyetafutwa. "Jina langu ni zuri lakini, eh? Amelisoma vizuri yule wa redio."

Siku mbili zile sikulala. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mtaani ilinipeleka mlangoni kusikiliza. Nilikwenda kwa Afande Shija, nikamwambia yote nikilia, yeye akiendelea kung'arisha buti. Alikuwa amejua tangu zamani nani anauza michembe kwenye kona ya Ngokolo. Nilimsihi aseme hamjui mwanamke huyo. "Jina limo," alisema. "Nimeliandika mimi." Nikamwomba alichome daftari. Akanitazama kwa namna iliyonifanya nirudi nyuma. "Utakuwepo Jumamosi," alisema. "Usipokuwepo atajua."

Nilikuwepo. Makoye alikuja kwa pikipiki na nyingine ikamfuata yenye vijana wawili, ambao hawakushuka wala hawakuzima injini. Mngurumo wao ulijaa bwalo zima, popo wakahamahama chini ya bati. Afande alikuwa amesimama katikati, daftari kwapani, mabuti yanawaka.

"Shikamoo, Afande. Nimekuja kwa ajili ya mama yangu."

"Marahaba. Alisimama hapo," alisema Afande, akaonyesha sakafu. "Hapo ulipo."

Makoye alitazama chini. Alikuwa juu ya kumi na saba. Aliruka kando kama aliyekanyaga kaa la moto, akajipangusa buti kwenye saruji, mara mbili, na kwa dakika ile niliona kwamba mtu huyu aliyenitisha kuliko yeyote niliyewahi kukutana naye alikuwa anaogopa kuliko mimi. Haikunipa faraja. Nilijua hofu ya aina ile ndiyo inayokodi mapanga.

Afande alifungua daftari, akatoa kalamu nyekundu mfukoni mwa shati, akaiweka chini ya jina. Akapiga mstari. "Namba kumi na saba, Nkwimba Maganga," alisema kwa sauti ya gwaride. "Amefariki. Zamani. Nilichelewa kumkata."

"Amefia wapi? Kaburi liko wapi?"

"Unaniuliza mimi kaburi? Mlisema asizikwe na mtu. Nani alikwenda, anionyeshe na mimi?"

Makoye aliwatazama vijana wake mlangoni. Hapakuwa na wa kumuuliza. Ukoo mzima ulikuwa umeapa kutomtazama mwanamke yule, na sasa hapakuwa na jicho hata moja la kushuhudia kama alikufa au hakufa. Alinigeukia mimi, taratibu, na ule upole wake wa soda.

"Na wewe, dada, unakaa mtaa gani?"

Kwa miaka yote hii nimekuwa nikiamini kwamba ningelisema Ngokolo, kwa mazoea tu ya kujibu wakubwa.

"Anakaa kwangu," alisema Afande Shija. "Ni mtoto wangu. Bwalo linafungwa."

Pikipiki ziliondoka, lakini hazikuelekea njia ya Geita. Zilielekea mjini. Tulisikiliza mpaka zikaisha, kisha Afande akakaa sakafuni, jambo ambalo sikujua kama linawezekana kwake, akaliweka daftari magotini kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Jumapili asubuhi, mtaa wote ukiwa kanisani na kwaya ikisikika juu ya mapaa, Mama Minza alifunga mzigo wake: kanga mbili, sufuria, mfuko wa michembe kwa ajili ya wajukuu. Tuliamua apitie Kahama, asikanyage Geita. Mimi ningebaki wiki nzima, nipike kama kawaida, moshi utoke, majirani waseme yupo, mgongo bado unamsumbua. Nilifanya hivyo. Nilipika kwa kuni mbichi mpaka macho yangu yakawa mekundu, na siku ya nne mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi alinitazama, akarudi nyuma bila kuipokea. Niliandika pia zile kurasa mbili. Nimeambiwa kibao bado kipo mlangoni, na maharusi hupigia picha hapo: askari, mgambo, pamba. Mama Minza aliishi Chato miaka mingine tisa, akafa kwa uzee kitandani pake, na Minza alinipigia simu akisema umati wa mazishi ulikuwa mkubwa, hakuelewa kwa nini nililia zaidi niliposikia hilo. Juzi nilipolifungua daftari nilikwenda kwenye ukurasa ule. Mstari mwekundu umepinda. Ndio pekee uliopinda katika kitabu kizima.

Lakini asubuhi ile sikujua kama angefika hata Kahama. Nilimpa kiberiti changu, akakitazama, safari hii akakipokea. Alinipeleka jikoni, akafukua majivu, akanionyesha kaa. "Huu nakuachia wewe," alisema. "Usiuzime." Kisha akajifunika kanga mpaka usoni, akaweka mkono kwenye komeo, akasikiliza. Barabara ilikuwa kimya. Mbali, upande wa ghala la pamba, nadhani tulivisikia sote wawili, vishindo vya mtu mmoja akipiga kwata katika bwalo tupu.

"Mwambie Afande," alisema bila kugeuka, "salamu zake nimeziitikia."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.